Dakika Mbili Kutoka Baharini

Ufunguo ulikuwa wa nyumba waliyoihama.

Wale tuliokuwa pamoja wiki iliyopita mnakumbuka tulimwacha wapi Fundi: kwenye uwanja wa malori, jua la saa nne linamchoma kisogo, lori lenye vyombo vyao vyote limezimwa mbele yake, na mkewe kanyoosha kiganja anasema, "Haya, ufunguo wa nyumba." Fundi akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo. Tukaishia hapo.

Na wewe uliyekuwa na mambo ya maana zaidi wiki iliyopita, nakupa kwa ufupi. Fundi ni fundi wa mafriji. Kapata kazi bandarini kwenye maghala ya baridi ya samaki, akatangulia wiki tatu kutafuta nyumba, na kila jioni alikuwa anampigia mkewe simu kumwambia nyumba keshapata, nzuri, ina upepo wa bahari. Upepo ulikuwepo kweli. Nyumba ndiyo haikuwepo. Wiki tatu nzima alilala kwenye kochi la binamu yake, na mchana akashinda ufukweni anayatazama maji kama mlinzi wake.

"Huu," mkewe akasema, anaugeuzageuza ule ufunguo, "si una utepe mwekundu niliofunga mimi?"

"Eeh."

"Wa mlango wetu wa kule."

"Unafanana."

"Unafanana," mkewe akarudia.

Huyu mke anafundisha hesabu darasa la saba. Kila mtu anamwita Mwalimu, mpaka mumewe. Kazi yake ya miaka kumi na moja ni kuwaangalia usoni watu waliochungulia majibu ya jirani, kwa hiyo sihitaji kukueleza alivyomwangalia Fundi.

Juu kwenye lori, kichwa cha mama mkwe kikatokea dirishani.

"Baba, usihangaike," akasema kwa sauti ya asali. "Mimi humu nimeridhika kabisa. Kiti kipo, dirisha lipo. Niletee tu pazia nitundike, tuseme tumefika."

Wakwe wengine wakikasirika wanafoka. Huyu anakuonea huruma. Bora wa kufoka.

Dereva wa lori naye akashuka, anajinyoosha mgongo. "Jamani, mimi saa kumi nageuza. Nina kreti tupu za kupeleka bara. Mkinionyesha mlango nashusha. Msiponionyesha, narudi nayo kama ilivyo, na friji ya bibi juu."

Mwalimu hakupiga kelele. Alifungua mkoba akatoa bahasha ya kaki.

"Unaijua hii?"

"Barua yako ya uhamisho."

"Sijaikabidhi. Kule darasa langu halijapewa mtu mpaka Jumatatu. Nikiikabidhi huku, basi, nimehama. Sasa nisikilize vizuri, mume wangu. Saa kumi ikinikuta sina mlango wa kufungua, narudi na lori, na mama, na kitanda. Wewe utabaki hapa na upepo wako."

Akairudisha bahasha mkobani. Ufunguo wenye utepe mwekundu nao akautumbukiza humo humo.

"Na huu nakaa nao mimi."

Saa tano kasorobo. Fundi akafanya kile ambacho mwanaume yeyote aliyekamatwa angefanya: akampigia dalali.

Dalali akatokea haraka mpaka ungedhani alikuwa kajificha chini ya lori. Kijana mrefu, raba nyeupe pee, kila neno lake limepakwa mafuta. Mjini wanamwita Dakika Mbili, kwa sababu hajawahi kuonyesha nyumba iliyo mbali na kitu. Soko, dakika mbili. Hospitali, dakika mbili. Ukimuuliza mbinguni atakuambia unashuka kituo kinachofuata.

"Madamu, karibu! Bi mkubwa, shikamoo!" akaita kuelekea dirishani. "Leo leo mnalala kwenu."

"Marahaba, mwanangu," mama mkwe akajibu. "Kwetu nilikotoka jana, au kwetu kupi?"

Nyumba ya kwanza ilikuwa mtaa wa wenye nazo. Ukuta mweupe, maua, bahari inaonekana mpaka jikoni.

"Dakika mbili kutoka baharini!" Dakika Mbili akatangaza, kama bahari kaichimba yeye.

Mwalimu akashika kitasa cha mlango. Kitasa kikaja chote, na skrubu zake.

"Hicho ni kisasa, madamu. Kinachomoka ili mwizi asipate pa kushika."

Geti lilikuwa limeliwa na kutu mpaka limebaki kumbukumbu. Nondo za madirisha zinameguka kama mkate mkavu. Fundi akapapasa mashine ya kiyoyozi iliyotundikwa nje, kipande kikabaki kiganjani. Akakinusa. Chumvi. Hii hewa ambayo alikuwa anaisifia kwenye simu ndiyo inakula chuma, mchana na usiku, bila kupumzika hata Jumapili.

Jirani mmoja alikuwa anamwagilia maua. Fundi akamuuliza kwa heshima, "Samahani dada, friji hapa inadumu miaka mingapi?"

"Miwili. Wa tatu tunaifunga waya."

Nyinyi na mimi tungesikitika. Moyo wa Fundi ukaruka kama umepata bao. Mtaa mzima wa mafriji yanayokufa! Jumamosi na Jumapili angekuwa anapita na mfuko wa spana kama daktari wodini.

"Mtaa mzuri sana huu," akasema.

"Mzuri kwa nani?" mkewe akauliza.

"Kwa... kwa afya."

Mwalimu akamkabidhi kitasa. "Shika afya yako. Twende."

Nyumba ya pili ilikuwa mlimani. Upepo, ndege, mji wote umelala miguuni kwako. Kasoro ndogo tu: lori liligoma katikati ya mlima, ikabidi waendelee kwa ngazi, na kwenye ngazi wakapishana na msururu wa akina mama wenye ndoo kichwani.

"Maji yanatoka siku gani?" Mwalimu akamuuliza wa mwisho.

Yule mama akasimama, akafikiri kwa dhati. "Mwaka huu?"

Wakateremka.

"Mnashuka mapema," mama mkwe akawapokea dirishani. "Nilifikiri mmeshakunywa chai huko kwenu."

Saa saba na nusu. Dereva keshaanza kuangalia saa kwa sauti, anasema "mm" kila baada ya muda. Fundi shati limelowa lote. Akamvuta Dakika Mbili nyuma ya lori.

"Ndugu yangu, nina mke mmoja. Naomba usinipotezee."

Dakika Mbili akatoa mfukoni kikaratasi kilichojaa namba, kimekunjwa mara nne. Akakisoma, akaangalia saa, akakisoma tena, midomo inacheza. Fundi akadhani huyo anaangalia mkeka wake wa kubeti mpira.

"Ipo moja," dalali akasema. "Ila twende sasa hivi, na saa tisa na nusu mimi niwe nimeondoka. Nina... nina kikao."

Msomaji, kumbuka hicho kikaratasi.

Nyumba ya tatu ilikuwa mtaa wa bondeni, nyuma ya mkono wa bahari, pale maji yanapoingia nchi kavu kwa kujipenyeza. Wakati huo mkono wenyewe ulikuwa mtupu, tope limelala linang'aa, kaa wanakimbizana. Barabara kavu. Kimya. Mti wa kivuli. Nyumba yenyewe pana, rangi mpya mpaka kiunoni, sakafu inang'aa, mlango una kitasa ambacho Mwalimu alikivuta mara tatu na mara zote tatu kikabaki mlangoni.

Akafungua bomba. Maji yakatoka.

Akasimama katikati ya sebule, akazunguka taratibu, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori, akacheka. Alicheka kwa kile kicheko chake cha pua, ambacho Fundi hakuwa amekisikia kwa wiki tatu, na simu haikuwa inakifikisha vizuri.

"Dirisha hili nitaweka meza ya kusahihishia," akasema. "Mama atakaa chumba cha mbele. Wewe spana zako nje, sitaki kuziona ndani."

"Nje kabisa," Fundi akasema. "Hata mbali zaidi."

Akatoka nje kumwambia dereva arudi nyuma. Hapo ndipo alipoona.

Jirani wa kulia alikuwa kaacha mlango wazi. Friji yake ilikuwa imesimama juu ya matofali. Fundi kaona mafriji mengi juu ya vitu vingi: stuli, ubao, daftari la mtoto. Lakini haya yalikuwa matofali matatu kwenda juu, yamepangwa na kusakafiwa, kazi ya mtu aliyekusudia. Akaangalia nyumba ya kushoto. Matofali matatu. Ng'ambo ya barabara, dirishani, friji inaonekana kichwa tu, iko juu kama mwenyekiti kwenye jukwaa. Matofali matatu. Mtaa mzima mafriji yamepanda juu, na hakuna friji hata moja yenye sababu ya kuogopa panya kiasi hicho.

Akageuka kumtafuta dalali. Dakika Mbili alikuwa kainama kwenye ngazi, anavua raba zake nyeupe, anavaa ndala za plastiki.

"Mbona ndala?"

"Napumzisha vidole, bosi." Akaangalia kikaratasi chake. "Vipi, madamu kapenda?"

Fundi akakiangalia vizuri. Haukuwa mkeka wa mpira. Zilikuwa saa na vipimo: maji kupwa, maji kujaa.

Ndugu zangu, watu wa bara tuna kosa letu moja. Sisi tunajua ziwa, tunajua mto, tunajua bwawa. Maji ukiyaacha mahali asubuhi, jioni unayakuta hapo hapo, yana adabu. Bahari Fundi alikuwa kaiangalia wiki tatu, ikaenda ikarudi mbele ya macho yake, na hakuwahi hata siku moja kujiuliza ikirudi inarudi mpaka nyumba ya nani.

Sasa alijua. Ilikuwa saa nane na nusu, alikuwa na ulimi mdomoni, na mkewe alikuwa hatua kumi kutoka pale.

Kutoka ndani kikaja kile kicheko cha pua tena.

Fundi akanyamaza.

Na usimhukumu haraka, kwa sababu hakuwa peke yake kwenye chama cha wanyamavu. Mlango wa pili kutoka hapo akatoka mama mnene mwenye miwani, kanga mabegani, anatabasamu mpaka magego.

"Nimesikia kuna mwalimu? Wa hesabu?"

Alikuwa mkuu wa shule. Shule ile ile aliyohamishiwa Mwalimu. Mwalimu akabaki kaduwaa kwa furaha, wakashikana mikono kama dada wa tumbo moja.

"Miaka miwili sina mwalimu wa hesabu," Mkuu akasema. "Miwili! Nafundisha mwenyewe, na mimi ni wa historia."

"Mtaa ukoje, mama?" Mwalimu akauliza.

Mkuu akapepesa macho. "Mtulivu. Watu wanasaidiana sana. Hasa tarehe fulani fulani."

Hakuna aliyeuliza tarehe zipi. Mwalimu alishafungua mkoba. Bahasha ya kaki ikatoka, ikapita mbele ya pua ya Fundi, pole pole, ikaingia mkononi mwa Mkuu.

"Karibu sana," Mkuu akasema, akaichomeka kwapani haraka, asije mtu akabadili mawazo. "Muhuri uko shuleni, Jumatatu asubuhi tunagonga."

Mkataba ukasainiwa juu ya boneti ya lori. Dakika Mbili akaupuliza wino, akakimbia na raba zake mkononi. Vyombo vikashushwa. Kitanda, meza, masanduku, na friji ya mama mkwe, nyeupe, ya siku za ujana wake, tupu, imefungwa kamba ya katani, ikawekwa sebuleni chini kabisa, sakafuni. Saa kumi kamili dereva akapiga honi, akaondoka.

Mama mkwe alishashuka, kakaa kibarazani kwenye kiti chake. Akamwita mkwewe kwa kidole.

"Baba, kaa hapa."

Fundi akakaa kwenye ngazi.

"Mtaa mzuri," mama mkwe akasema.

"Mzuri, mama."

"Mimi leo nimeshinda juu kwenye lori. Ukiwa juu unaona vizuri. Kuta zote za mtaa huu zina mstari wa udongo, kimo kimoja, kama mtu kapiga rula. Isipokuwa hii yenu, yenye rangi mpya mpaka kiunoni." Akatengeneza kanga yake. "Nikakuona na wewe unaangalia mafriji ya watu. Nikasema, loh, mkwe wangu ana macho. Sasa atasema."

Fundi akamgeukia. "Mama ulijua? Mbona hukumwambia?"

"Nilikuwa namsubiri mwenye mke."

Barabarani, kwenye kifereji cha pembeni, kitu kikang'aa. Ulimi mwembamba wa maji ulikuwa unapanda mtaa bila haraka, unasukuma jani moja mbele yake. Kushoto na kulia, majirani wakaanza kuinua mazulia na kukunja suruali, hawana wasiwasi, kama watu wanaofunga duka.

Fundi akachomoa simu.

"Dakika Mbili! Maji!"

"Maji? Aah, hayo!" sauti ikajibu, na nyuma yake kelele za pikipiki. "Mara mbili tu kwa mwezi, bosi. Mwezi ukiwa mpevu na ukiwa mchanga. Na hayakai. Dakika mbili tu!"

Simu ikakatika.

"Unaongea na nani?" Mwalimu akauliza mlangoni, ufagio mkononi. Halafu akaona barabara. Akaona maji yamefika ngazi ya chini, yanainusa.

Akaangalia friji ya jirani. Akahesabu matofali. Moja, mawili, matatu. Akaigeukia rangi mpya ya ukuta wake, mpaka kiunoni. Kisha akamgeukia mumewe, na macho yake yalikuwa yale ya chumba cha mtihani.

"Ulijua?"

Kulikuwa na uongo mzuri wa aina kama nne hivi umejipanga mdomoni mwa Fundi, mmoja ukiwa na machozi kabisa. Mama mkwe alikuwa anamtazama, mikono mapajani.

"Niliona matofali," Fundi akasema. "Kabla hujatoa barua. Niliona, nikanyamaza."

"Kwa nini?"

"Ulikuwa umecheka."

Hilo Mwalimu hakulitegemea.

Paaa! Paaa! Honi. Mwanzo wa mtaa, lori lilikuwa limerudi, matairi yamezama nusu, dereva kaning'inia mlangoni.

"Barabara kuu imefungwa!" akapiga kelele. "Maji yamekata njia! Yakishuka naondoka, na sitarudi tena! Kama mna la kupakia, semeni sasa!"

Mwalimu akaegemeza ufagio ukutani. Akaingiza mkono mkobani, akatoa ule ufunguo wa utepe mwekundu, akaufumbata kiganjani. Akavua viatu. Akaingia majini.

"Mke wangu!"

Hakugeuka. Wala hakuelekea kwenye lori. Alikata kushoto, maji yanamfika magotini, akagonga mlango wa Mkuu wa shule. Mlango ukafunguka, ukafungwa. Fundi akasikia sauti ya Mkuu inabembeleza, sauti ya mkewe haisikiki, halafu mlango tena.

Akatoka. Mkono wa kulia kashika bahasha ya kaki, kainua juu ya kichwa isilowe. Mkono wa kushoto kakumbatia tofali.

Akapanda ngazi, anachuruzika, akaviweka vyote viwili kwenye kibaraza mbele ya mumewe. Katikati akaweka ufunguo.

"Wiki tatu umechagua peke yako, kwenye simu, kwa uongo," akasema. "Leo chagua mbele ya mama yangu. Ukishika barua, mimi na mama tunapanda lori na sitaki kuletewa maneno. Ukishika tofali, tunabaki. Ila ukiona kitu tena ukanyamaza, hata kiwe mende, mtu wa kwanza kuelea mtaa huu utakuwa wewe."

Dereva akapiga honi.

Fundi akaiangalia barua. Akaliangalia tofali. Alijua chumvi, alijua kutu, alijua friji ya huku itaishi miaka miwili. Alijua pia kwamba kule bara mkewe alikuwa na darasa lake na nyumba kavu. Alitaka tofali kuliko alivyowahi kutaka kitu. Na hiyo ndiyo iliyomtisha, kwa sababu mchana ule ule alitaka kicheko, akakilipia kwa ukimya.

"Nikuulize kwanza," akasema. "Wewe unataka kipi?"

Mama mkwe akainua nyusi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumwona mkwewe kama mtu.

Mwalimu akavuta pumzi kujibu. Midomo ikaanza neno.

Nyuma yao, ndani ya nyumba mpya yenye rangi mpya, kitu kikagonga mlango wa jikoni, taratibu, kama mgeni mwenye heshima. Wote watatu wakageuka.

Maji yalikuwa yameshapita kwa mlango wa nyuma, ambako sakafu iko chini kuliko kibaraza, bila hodi. Na friji ya mama mkwe, ile ambayo katika nyumba ya fundi wa mafriji hakuna aliyekumbuka kuipandisha hata juu ya tofali moja, ilikuwa imejilaza chali na kamba yake ya katani, inaelea sebuleni, inakuja kibarazani kuchagua yenyewe.